Masika ya Mgeni na Mkongwe

Jumatatu, 2 Machi

Mvua za masika zimeanza leo mchana, na leo hiihii nimetolewa wodini. Mimi muuguzi wa siku nyingi nimezoea wagonjwa wanifuate hospitalini. Sasa nitawafuata mimi majumbani. Mke wangu ni mwalimu na hapendi habari za makohozi mezani. Amesema kama nina hamu ya kusimulia kazi mpya, niandike. Basi naandika.

Kisa chenyewe ni hiki. Kila masika mji wetu huingiwa na homa ya kifua. Mwaka huu maabara imekuta kwamba kirusi chake kiko cha aina mbili: kile tunachokijua, na kingine kilichobadilika kidogo. Fundi wa maabara, ambaye sote tunamwita Jongoo kwa mwendo wake, amewapa majina: Mkongwe na Mgeni. Swali ni kama Mgeni anaambukiza zaidi kuliko Mkongwe. Ameletwa daktari mtafiti aje kulijibu, na mimi nimekabidhiwa kwake.

Ni mama wa makamo, mfupi, ana sauti ya chini inayokulazimu uache kelele zako ili umsikie. Leo alitaka nimwonyeshe ninavyochukua sampuli puani. Kazi hiyo naifanya nimefumba macho. Nilipomaliza alikitazama kijiti, akasema, "Tena." Nikarudia. "Tena." Jongoo akawa anafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Jumatano, 4 Machi

Jina limeshapatikana. Daktari Tena. Mwenyewe hajui, au anajua na anatustahi.

Ijumaa, 6 Machi

Nilimuuliza kwa nini tusihesabu tu wagonjwa waliojaa hospitalini, wenye Mgeni huku, wenye Mkongwe kule, mambo yakaisha. Hakunicheka.

"Hospitali inaniambia nani amekuja," alisema. "Hainiambii nani amebaki nyumbani. Mimi nataka nyumba. Kirusi kikishaingia mlangoni, kinawapata wangapi kati ya wanaolala humo?"

Kwa hiyo kazi yetu ni hii. Zahanati ikipata mtu aliyeanza kukohoa hutupigia simu, nasi tunakwenda kwake siku hiyohiyo bila kungoja majibu. Tunachukua sampuli za wote nyumbani, wazima kwa wagonjwa, kisha tunarudi kila baada ya siku moja mpaka homa iishe humo. Jongoo ndiye anayesema baadaye kama ni nyumba ya Mgeni au ya Mkongwe. Majibu yake huchukua siku tatu, na ukimharakisha anakuangalia kwa huruma.

Alhamisi, 12 Machi

Leo tumeingia mtaa wa bondeni kwa mara ya kwanza. Maji yalikuwa hadi juu ya kifundo. Daktari alivua viatu, akavishika mkononi, akatangulia.

Nyumba ni ya dobi mmoja. Amefiwa na mke, anakaa na mama yake, binti yake wa miaka kama kumi na sita, na wadogo wawili. Vyumba ni viwili, na kwa sababu ya mvua nguo za watu zimeanikwa humohumo ndani, kamba juu ya kamba, mpaka unapita umeinama. Madirisha yamefungwa, mvuke wa pasi umetanda. Dobi alikuwa anapiga pasi, mzima wa afya, akinitania kwamba koti langu jeupe limekuwa la kijivu na angeweza kuliokoa. Aliyeanza kukohoa ni binti. Alianza leo asubuhi.

Bibi aliketi kitandani, mkavu kama ukuni, macho yanacheka. Nilipomkaribia na kijiti aliushika mkono wangu.

"Huyu ananitafutia nini puani? Mimi sijapoteza kitu."

Daktari alichuchumaa mbele yake akamweleza yote, polepole, kama vile hatukuwa na nyumba nyingine siku hiyo. Kwamba huenda yasimsaidie yeye mwenyewe, yatawasaidia wa baadaye. Bibi aliuachia mkono wangu.

"Ungeanza na hilo la wa baadaye," akasema, akainua kidevu.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Soksi hazikauki. Nimetembelea nyumba tisa.

Jumatano, 18 Machi

Leo kulikuwa na kikao kwa Mganga Mkuu. Ni mtu mrefu mwenye kugonga meza kwa kalamu, nami sijawahi kumpenda. Ukutani palikuwa na ramani ya mji yenye vidoti vyekundu, na mtaa wa bondeni ulikuwa kama umemwagiwa rangi.

"Wagonjwa wa Mgeni wanaongezeka mara mbili kila wiki," alisema, "na karibu wote ni wa bondeni. Maduka yanawakataa tayari. Nataka kuweka vizuizi darajani. Asiingie mtu, asitoke mtu, mpaka mvua zikatike. Daktari, niambie tu neno moja. Mgeni anaambukiza zaidi kuliko Mkongwe au hapana?"

"Sijui bado."

"Umekaa hapa wiki mbili na zaidi."

"Ndiyo. Na bado sijui. Nikikuambia ndiyo leo, utawafungia watu maelfu kwa neno langu. Wapagazi, madobi, akina mama wa usafi. Hawana akiba ya wiki moja. Nipe muda nikuambie kitu ninachokijua."

Kalamu iligonga. Alimpa mpaka mwisho wa Aprili, na akasema wazi kwamba wakizidi kufa watu kabla ya hapo ataweka vizuizi bila kumuuliza.

Tukiwa nje Daktari alitangulia kutembea. Nimefanya kazi na madaktari wengi wanaojua mambo. Huyu ndiye wa kwanza niliyemsikia akisema hajui mbele ya watu wanaotaka ajue.

Jumapili, 22 Machi

Bibi wa kwa Dobi amefariki. Nianzie mbali kidogo.

Jumanne Dobi alituita, tukamkuta mama yake anapumua kwa shida, tukampeleka hospitali mimi na Dobi tumembeba kwenye kiti. Njiani aliniambia nisimtikise kama mzigo wa nguo chafu. Alhamisi alikuwa na mpira wa hewa puani na alikuwa hacheki. Ijumaa alfajiri alikwenda. Jongoo alikuwa ameshatoa jibu: nyumba ile ni ya Mgeni.

Amezikwa jana. Leo ndiyo ilikuwa zamu ya sampuli za mwisho za nyumba yao, na Daktari alisema hatuendi. "Watu wamefiwa. Takwimu itakuwa na tundu, basi." Nikafurahi, kwa kuwa sikuwa na uso wa kuingia pale na vijiti.

Saa nne simu ililia. Dobi.

"Nesi, mbona hamjaja? Mlisema leo ndiyo mwisho."

Nilimwambia tumeona tuwaache na msiba wao.

"Mama alinikalisha chini kabla hajapelekwa," alisema. "Aliniambia hiyo kazi ya watu wa baadaye isiishie njiani kwa ajili yake. Njooni."

Tulikwenda. Waombolezaji walikuwa wamekaa uani chini ya turubai, wakatupisha. Dobi aliinua kidevu kama alivyofanya mama yake. Wadogo nao wakafuata. Nimeshika vijiti vile kwa miaka, lakini leo nilivishika kama yai.

Binti hakuwa na wengine. Tulimkuta chumba cha ndani, kati ya nguo zilizoning'inia, ameegemea ukuta. Kikohozi kimemwisha. Alijiachia nikachukua sampuli, halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi ndiye niliyekohoa wa kwanza. Na mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

Daktari alikaa sakafuni kando yake, wakakaa hivyo, mabega yamegusana, mpaka nilipomaliza kufunga sanduku.

Jumanne, 24 Machi

Mke wangu amerudi na hasira. Wazazi wamemwomba awaweke watoto wa bondeni nyuma ya darasa, peke yao. Amewajibu kwamba nyuma ya darasa hapatoshi, hivyo amelihamisha darasa zima barazani. Watoto wanamwagikiwa na manyunyu na wanafurahi kupita kiasi. Nilikuwa najua nimeoa mwalimu hodari, ila kuna siku unaambiwa upya.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo nilimkasirikia Daktari, acha niseme kweli.

Jongoo alimaliza kujumlisha nyumba zote za Machi. Katika nyumba za Mgeni, zaidi ya nusu ya wakazi waliambukizwa. Katika nyumba za Mkongwe, ni kama robo tu. Tulidhani kazi imekwisha. Jongoo, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alikuja karibu anakimbia.

Daktari alitazama karatasi muda mrefu.

"Nyumba za Mgeni ziko wapi?"

"Bondeni," nikasema. "Karibu zote."

"Na za Mkongwe?"

"Kilimani, nyingi. Na huku katikati."

"Nyumba za bondeni zina vyumba vingapi? Madirisha yako wazi au yamefungwa? Wanalala wangapi chumba kimoja?" Akaiweka karatasi chini. "Hapa hatujalinganisha Mgeni na Mkongwe. Tumelinganisha vyumba viwili na vyumba sita. Twende tena. Nitafutieni Mkongwe bondeni, na Mgeni kilimani."

Nilimwambia watu wanakufa. Nilimwambia kwamba Mkuu ana vizuizi vyake tayari vimepakwa rangi. Sikusema kwa adabu sana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," alisema. "Nami siku nyingine huona ni bora niseme chochote tu ili nilale. Lakini bibi yule hakuinua kidevu ili mimi niseme chochote."

Nilitoka kwenda kunawa uso. Niliporudi Jongoo alikuwa ameanza kupanga vijiti vipya.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Mkongwe mmoja amepatikana bondeni, kwa fundi viatu. Tulishangilia kama wehu, kisha tukakumbuka kwamba ni mgonjwa, tukamwomba radhi. Akasema hajawahi kuugua akapigiwa makofi.

Jumamosi, 11 Aprili

Kilimani. Geti, mbwa, mazulia. Mwenye nyumba alituambia mafua ya kwao ni ya baridi tu, na hayo mengine ni ya watu wa chini. Daktari alimshukuru, akavua viatu vyake mlangoni bila kuambiwa, akauliza kama tungeweza kuhakikisha ili aweze kuwatuliza majirani. Alituruhusu. Nilijifunza kitu hapo: mimi ningebishana naye, ningeshinda, na ningerudi mkono mtupu.

Jumanne, 14 Aprili

Jongoo ametoa jibu. Nyumba ile ya kilimani ni ya Mgeni.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimelala siku mbili na homa. Kipimo safi, ni uchovu. Daktari alituma machungwa na ujumbe kwamba kazi iko palepale, haijakimbia.

Jumatano, 22 Aprili

Leo tumejua. Nataka kuliandika sawasawa.

Daktari alituita maabara, mimi na Jongoo tu. Nyumba sasa zimetosha: za Mgeni na za Mkongwe, bondeni na kilimani, zenye vyumba sawa, idadi ya watu sawa, majuma yaleyale ya mvua. Ukiziweka bega kwa bega, Mgeni na Mkongwe huwapata watu idadi ileile. Nyumba ya kubanana ikiingiwa na Mkongwe, nusu wanaugua. Ikiingiwa na Mgeni, nusu wanaugua. Kilimani wote wawili huwapata wachache.

"Kwa hiyo hawatofautiani?" nikauliza. "Mbona basi wa Mgeni wanaongezeka hivyo?"

"Ndilo lililoninyima usingizi," alisema. "Hatofautiani kwa idadi ya anaowapata. Anatofautiana kwa mwendo."

Akatueleza. Mkongwe akimwingia mtu, hukaa karibu wiki kabla hajampata wa pili. Mgeni hukaa siku mbili, tatu. Kila mmoja anawapata watu sawa, lakini wakati Mkongwe anapiga hodi nyumba ya pili, Mgeni ameshatoka ya tatu. Na anatoka kimya. Mara nyingi mtu huwa na kirusi tele puani kabla hajakohoa, na wengine hawakohoi kabisa. Hilo lisingeonekana kama tungechukua sampuli za wagonjwa peke yao, au mara moja tu. Limeonekana kwa kurudi na kurudi, kwa kuwapima wazima, na kwa watu waliokubali mpaka siku ya mwisho.

Jongoo alikuwa amesimama ameshika ukingo wa meza. "Na majibu yangu huchukua siku tatu," akasema polepole.

"Ndiyo. Tunamwambia mtu ajitenge wakati Mgeni ameshaondoka kwake. Si kosa lako. Tulikuwa tunamfuata huyu kwa ratiba ya yule."

Nilimtazama. Hakuwa anajivuna wala hakuwa anatabasamu. Alikuwa kama mtu aliyebeba kitu kizito toka mbali na sasa anatafuta pa kukitua taratibu. Niliyoyasema tarehe mbili nilimwomba anisamehe. Akasema hakumbuki, na nadhani alikuwa anasema uongo, wa kwanza niliomsikia nao.

Jumatatu, 27 Aprili

Kikao. Mkuu alimsikiliza bila kugonga kalamu. Alipomaliza alisema, "Rudia hapo kwenye mwendo." Akarudia. Mkuu akaenda kwenye ramani, akasimama ametugeuzia mgongo.

"Kwa hiyo vizuizi darajani," alisema.

"Vingefika baada ya Mgeni. Kilimani ameshafika. Na bondeni mngewafungia watu pamoja naye, vyumbani, madirisha yamefungwa. Ndicho anachokitaka."

"Na nifanye nini?"

"Mtu akiwashwa koo tu, ajitenge hapohapo, asingoje majibu. Walio naye nyumbani wavae barakoa hata kama ni wazima. Madirisha yafunguliwe. Na wale wasio na chumba cha pili wapewe mahali pa kulala, wao na chakula chao."

Mkuu aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndipo nilipomwona vizuri kwa mara ya kwanza: ni mtu aliyekuwa anaogopa, masika yote, na kalamu ile ndiyo ilikuwa inamsemea.

"Nilikuwa nimekosea," aliwaambia wote waliokuwamo. "Andikeni hivyo. Mtaa wa bondeni hauna kosa, vizuizi vimefutwa. Kumbi za shule zifunguliwe kwa wanaohitaji kulala."

Nimekaa mezani kwa watu wakubwa mara chache, na sijawahi kuona mmoja wao akijisahihisha kabla hajalazimishwa. Mke wangu aliposikia habari za kumbi alisema darasa lake halirudi ndani hata hivyo, limepanda cheo.

Jumatatu, 4 Mei

Wagonjwa wamepungua wiki hii. Jua lilitoka saa nzima.

Jumamosi, 9 Mei

Kila nyumba ina haki ya kuambiwa majibu yake, nasi tumekuwa tukiyapeleka wiki nzima. Kwa Dobi, Daktari alitaka kwenda mwenyewe, nikafuatana naye.

Tulimkuta anapiga pasi mlangoni, dirisha na mlango wazi, nguo zimeanikwa nje. Binti alikuwa ndani anakunja mashuka. Amekonda. Dobi aliniambia kwa chini kwamba mtoto hali chakula sawasawa, na wale wadogo hawashiki tena, hata wakimlilia.

Daktari alieleza habari za Mgeni, kwa maneno mepesi. Dobi alisikiliza, akageuza shati, akapiga upande wa pili.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Nani alimwambukiza mama?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeliona kwa Jongoo. Kama ningeulizwa mimi ningesema halijulikani, na ningelala usingizi.

"Unataka kulijua kweli, kaka?" Daktari aliuliza. "Ukishalijua huwezi kulirudisha."

"Nataka."

"Siku tulipokuja mara ya kwanza wewe ulikuwa mzima, unamtania nesi. Lakini sampuli yako ilijaa kirusi. Tuliporudi kilikuwa kinapungua, mara ya mwisho hakikuwapo. Cha binti yako na cha mama ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza, vikapanda pamoja, siku kwa siku. Wawili wanaopanda pamoja hivyo hawakuambukizana. Waliambukizwa na mmoja aliyewatangulia. Siwezi kuapa, lakini inaelekea sana ni wewe. Ulikipata wapi, hilo sijui."

"Mimi sikukohoa hata siku moja."

"Hukukohoa. Hukujua, na hapakuwa na njia ya kujua. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yako, na sikujua."

Dobi aliiweka pasi kwenye kishikio chake. Alisimama hivyo, mikono imening'inia, nami nikamlaumu Daktari moyoni. Halafu akaita.

"Mwanangu. Njoo hapa."

Binti akaja, shuka bado mikononi.

"Hukuwa wewe," Dobi akamwambia. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekileta, na wewe na bibi yako mlikipata kwangu pamoja."

"Unasema hivyo ili nile."

"Muulize Daktari. Nesi alinihadithia huyu mama alivyomwambia Mganga Mkuu usoni kwamba hajui. Hasemi asilolijua."

Binti akamgeukia Daktari. Daktari akasema, "Si wewe, mwanangu. Ningekuwa na shaka ningekuambia."

Shuka likamtoka mikononi. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, mpaka wadogo zake wakaja mbio kutoka uani wakamshika miguu, naye akawainua mmoja mmoja, mmoja ubavu huu na mmoja ubavu ule. Ndipo nilipoelewa Dobi aliuliza swali lile kwa ajili ya nani, na kwa nini Daktari hakulikwepa.

Alipotulia alimtazama baba yake, kwa muda. Aliwatua wadogo. Akapita mbele yake, akaichukua pasi.

"Na wewe hukujua," akasema. "Kaa, baba. Hizi nitamalizia mimi."

Dobi akakaa kizingitini, na ndipo naye akalia.